Namna ya Kuzuru Nchi ya Mvinyo kwa Vespa na Kurudi na Heshima Yako

Waitaliano wamebuni biashara ya kijasiri. Asubuhi wanakukabidhi chombo cha magurudumu mawili, mchana wanakuketisha mbele ya mvinyo, na jioni wanatarajia utakirudisha chombo kikiwa na vioo vyote viwili. Biashara hiyo imenoga Toscana, kwenye vilima vya Chianti kati ya Florence na Siena, na wateja hawakauki. Kama umejaaliwa nauli na viza, na ndugu zako wameshachoka kutazama picha zako za Zanzibar, mwongozo huu ni wako.

1. Sahau filamu

Kila anayejiandikisha ameiona, au amesimuliwa, *Roman Holiday* ya mwaka 1953: Gregory Peck na Audrey Hepburn wakikatiza mitaa juu ya Vespa, bila helmeti wala wasiwasi. Ile ilikuwa Roma, na wale walikuwa kazini wakilipwa. Wewe unalipa mwenyewe, na helmeti utavaa, maana sheria ya Italia haiulizi umesuka kwa shilingi ngapi. Chagua msuko unaolala. Wenye rasta wafike mapema kugombea helmeti kubwa.

2. Usijitie ugeni

Mbele ya chombo chenyewe, usishangae kupita kiasi. Vespa ya kwanza ilitoka mwaka 1946 kwenye kiwanda cha Piaggio kilichoko Pontedera, Toscana hiyohiyo. Aliyeichora, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege, na inasimuliwa kwamba pikipiki hakuzipenda hata kidogo. Ndiyo maana alificha injini, akaweka bamba la kukinga miguu, na mwenye gauni akapanda bila kuchafuka. Miaka miwili baadaye kiwanda kikatoa Ape, ya magurudumu matatu. Kampuni ya Bajaj ya India ikachukua leseni kwa Piaggio, na mengine unayajua: yanakusubiri kijiweni Mwenge. Kwa hiyo usiseme umekuja kuona maajabu ya Ulaya. Umekuja kumsalimia shangazi yake bajaji.

3. Faulu mtihani, au feli kwa akili

Kabla ya kuingia barabarani, kiongozi wa msafara atawapeleka kwenye uwanja wa maegesho mzunguke kidogo akiwatazama. Hapa watu wa kwetu hujidanganya. Miaka yote uliyokaa nyuma ya bodaboda ukipiga kelele "kaka, taratibu!" haihesabiwi kuwa uzoefu wa kuendesha. Ulizia leseni inayotakiwa kabla hujapanda ndege. Ukipewa Vespa ya kizamani, klachi na gia zote ziko mkono wa kushoto. Halafu kumbuka, wenzetu wanapita kulia. Jikumbushe kila njiapanda, kwa sauti, hata kama wenzako watadhani unasali. Na wewe sali pia.

Anayefeli huhamishiwa nyuma ya mtu mwingine, au kwenye gari dogo linalofuata msafara. Watamtazama kwa huruma. Usiwe na haraka ya kumhurumia, tutamrudia.

4. Ufurahie uhuru, kwenye mstari

Tangazo lilikuahidi uhuru wa barabara. Uhuru wenyewe ni huu: kiongozi yuko mbele, wewe wa nne, na huruhusiwi kumpita wa tatu, mstaafu aliyeamua kuhesabu kila mti wa mzeituni. Njia ni SR222, Chiantigiana, yenye kona kila unapotaka kutazama mandhari. Tazama barabara. Mizabibu utaiona mkisimama.

Mkifika Greve mtapiga picha kwenye uwanja wa pembetatu, mbele ya sanamu ya Giovanni da Verrazzano, baharia aliyeingia kwenye ghuba ya New York mwaka 1524 bila gari la kumfuata nyuma. Mpe heshima yake, kisha rudi kwenye nafasi yako ya nne.

5. Onja bila kunywa

Sasa tumefika penye kiini cha safari. Kiwango cha pombe kwa dereva Italia ni gramu 0.5 kwa lita moja ya damu, na mwenye leseni isiyozidi miaka mitatu hatakiwi kuwa na hata tone. Umesafiri maelfu ya kilomita kwenda kwenye mvinyo, ukapewa ufunguo unaokuzuia kuunywa.

Kuna ndoo ya kutemea. Zungusha glasi, nusa, sukutua, tema, kisha sema "cheri". Mvinyo wa Chianti Classico lazima uwe na angalau asilimia 80 ya zabibu za Sangiovese, na Sangiovese hunukia cheri, kwa hiyo hutakosea. Kutema kunahitaji shabaha. Fanya mazoezi hotelini kwa maji.

Mwenyeji atakuonyesha nembo ya jogoo mweusi kwenye shingo ya chupa na kukusimulia kisa chake. Eti Florence na Siena waligombea mpaka, wakaafikiana kila upande utume mpanda farasi jogoo wake akiwika. Siena wakamshibisha jogoo wao mweupe, akalala fofofo. Florence wakamshindisha njaa wao mweusi, akawika usiku wa manane, na mpanda farasi wao akafika karibu na malango ya Siena. Shangaa, hata kama umeshakisikia kwenye shamba la kwanza. Kisha ule jibini na mkate wote uliopo mezani. Njaa ilimfaa jogoo kwa sababu hakuwa na mvinyo tumboni.

Kama hunywi kabisa, hongera: wewe ndiye pekee uliyekuja na sifa kamili za safari hii. Ila mshindi wa siku ni yule aliyefeli maegesho. Yuko kwenye glasi ya tano, hatemi, na ana dereva.

6. Nunua kwa kipimo cha kiti

Chini ya kiti cha Vespa kuna nafasi ndogo. Nunua chupa zinazoenea humo, si zinazoenea kwenye majivuno yako.

Ukiwa bado na kiu ukifika nyumbani, nenda Dodoma. Mizabibu ya Bihawana ilipandwa na wamisionari wa Kiitaliano, na zabibu za huko huvunwa mara mbili kwa mwaka, wakati Chianti wanasubiri vuli mara moja. Msafara nao umepangwa kwa akili zaidi: anayeendesha bodaboda haonji, anayeonja haendeshi. Kaa nyuma, vaa helmeti, na hakikisha mmeelewana nauli ya kwenda na kurudi kabla ya glasi ya kwanza.