Sauti Imefika, Mwenyewe Yuko Foleni

Jumatatu, 9 Februari

Kipindi cha asubuhi kinaanza saa kumi na mbili kamili, kwa hiyo mtangazaji anaamka saa tisa na nusu, muda ambao watu wenye akili zao wanageukia upande wa pili. Bodaboda wangu wa kila siku anaumwa. Aliyekuja badala yake alinihakikishia anaijua Mikocheni nje ndani, akanishusha Mwenge.

Getini nikakuta mlinzi mpya. Nikamwambia mimi ndiye mtangazaji wa asubuhi. Akanitazama kuanzia viatu kwenda juu, hakuchukua muda kufika. Ndani ya kibanda chake redio ilikuwa inapiga jingo ya kipindi changu, mimi nikijitaja jina kwa bashasha zote. "Mtangazaji ameshaingia," akasema. "Humsikii?" Nikamweleza kwamba hiyo imerekodiwa. Akasema wote huwa wanasema hivyo.

Fundi mitambo alishuka kunikomboa dakika za mwisho kabisa. Nikafungua kipindi huku nahema. Msikilizaji wa Kibaha akatuma ujumbe kwamba leo nimetangaza kwa hisia.

Tatizo hili la sauti kujulikana kuliko mwenyewe lina umri mkubwa kuliko mimi. Marehemu Julius Nyaisanga, Uncle J wa Radio Tanzania na baadaye Radio One, watu walimjua kwa masikio kabla Bara haijapata kituo hata kimoja cha televisheni. Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sisi huku tukangoja mpaka 1994. Miaka yote hiyo kila msikilizaji alijipangia mwenyewe, sebuleni kwake, urefu na sura ya mtangazaji. Mimi wananipangia futi sita. Ninazo tano na inchi nne.

Jumanne, 10 Februari

Zamu ya televisheni. Kampuni yetu ina redio na televisheni katika jengo moja, na watu wale wale. Redioni natangaza na fulana. Televisheni kuna suti ya ofisi, ni moja, iliachwa na mtangazaji aliyehamia kwingine, naye alikuwa mtu wa mwili. Nyuma wananibana kwa vibanio vya kuanikia nguo. Nikitazamwa mbele mimi ni naibu waziri. Nikigeuka ni kamba ya uani. Ndiyo maana sijawahi kumsindikiza mgeni mlangoni.

Mgeni wa leo alikuwa mchumi, amekuja kueleza kwa nini mchele umepanda. Tulimkalisha kwenye kochi la studio, ambalo idara ya ununuzi ililipata kwa bei nzuri na hakuna aliyeuliza lilitoka wapi. Tulipofika kwenye gharama za usafirishaji akaanza kusogea. Akajikuna kiunoni. Akajikuna nyuma ya goti. Kwenye mfumuko wa bei alikata sentensi katikati akainama kushughulikia kisigino.

Mhariri akawa anapiga kelele sikioni kwangu: "Mbane hapo hapo, kuna kitu anaficha!" Nikambana. Ujumbe wa watazamaji ukamiminika chini ya skrini, wengi wakiwa na msimamo mmoja kwamba huyu bwana ni mwongo, mtazameni anavyohangaika. Alikuwa anasema kweli tupu, kwa takwimu.

Baada ya kipindi akanivuta pembeni. "Kaka, kochi lenu lina kunguni."

Nikamwahidi nitafikisha. Nikafikisha. Bosi aliuliza swali moja tu, kama hao kunguni walionekana kwenye kamera.

Jumatano, 11 Februari

Matangazo ya vifo.

Vijana wanaoingia kazini wanadhani hiki ndicho kipengele chepesi: karatasi inakuja imeshaandikwa, unatuliza sauti, unasoma. Hawajui. Habari ya uchaguzi ukiisoma vibaya utasahihishwa na msemaji wa chama, mtu mmoja. Tangazo la msiba lina ukoo mzima nyuma yake, na ukoo mzima una namba ya studio.

La leo lilitoka kwa familia moja ya Ifakara, limeandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, mbele na nyuma. Marehemu ana mistari miwili. Inayobaki yote ni wale ambao habari ziwafikie popote pale walipo: wa Kilosa, wa Mlimba, wa Songea, wa Kibaigwa, na mmoja ambaye karatasi inasema "yuko Msumbiji, anajulikana." Nilikuwa nimemaliza upande wa mama wa marehemu, nageuza karatasi, umeme ukakatika. Jenereta halikuwaka kwa sababu mafuta yake yalikuwa yameenda kwenye gari la ofisi. Tuliporudi hewani fundi mitambo akanionyesha ishara nianze mwanzo, maana msiba hauanziwi katikati. Nikaanza mwanzo, nikasoma hadi mwisho.

Simu ya kwanza ilikuwa ya mzee wa Kibaigwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbona wa upande wa mama umewataja mara mbili na sisi wa baba mara moja?"

Nikamweleza habari ya umeme. Akaniuliza umeme wenyewe ni wa kabila gani. Nikamwomba radhi kwa niaba ya kampuni, nikamwahidi tangazo litarudiwa saa saba. Simu ya pili ikatoka kwa mama mmoja wa Mlimba, akitaka kujua kama ni kweli litarudiwa, na kama ni kweli, basi mzee wa Kibaigwa atolewe, hajachangia hata sanda. Ya tatu ilikuwa ya shemeji. Yeye hakuwa na malalamiko. Aliomba nikifika kwenye jina lake nivute kidogo, alikuwa amewaalika majirani waje wasikilize.

Saa saba mhariri aliamua kwamba upande wa baba usomwe mara moja peke yake ili hesabu ilingane. Nadhani kituo chetu ndicho pekee ambacho leo kimesoma tangazo la kifo lisilo na marehemu.

Watu hunishangaa ninapowaambia kipengele hiki bado kipo, wakati kila ukoo una kundi la WhatsApp. Kipo, na kinalipiwa. Kwa wazee msiba ambao haujasomwa redioni ni tetesi.

Alhamisi, 12 Februari

Sauti imekwama. Nimekunywa tangawizi, nimekunywa asali na ndimu, nimelamba chumvi kwa maagizo ya mama wa mapokezi. Ilipofika mchana nilikuwa nakoroma kama... sina mfano. Bosi kaisikia, kaipenda, anataka nibaki nayo kwa matangazo ya benki.

Jioni daladala ikanasa kwenye foleni ya Buguruni, na hapo ndipo nilipokutana na mimi.

Zamani kidogo, jamaa mmoja wa mtaani aliniomba nimrekodie tangazo la dawa ya wadudu kwenye simu yake. Malipo yalikuwa chai na chapati mbili. Tangu hapo sauti hiyo imenakiliwa kutoka kadi hadi kadi, na sasa inauza sumu katika miji ambayo mimi sijawahi kufika. Ndugu yangu aliisikia Tunduma. Leo ilikuwa kwenye mkokoteni, spika mbili juu, ikienda sambamba na dirisha letu kwa sababu mkokoteni na daladala vilikuwa na mwendo mmoja: "Panya, mende, kunguni, viroboto! Weka jioni, fagia asubuhi!" Ilikuwa na afya nzuri kuliko niliyokuwa nayo kooni.

Dada aliyekaa jirani yangu akatikisa kichwa. "Huyu anamwiga yule mtangazaji wa asubuhi," akasema. "Ila hajamfikia."

Nilitaka kumjibu, nikatoa mkoromo. Akasogea karibu na dirisha.

Ijumaa, 13 Februari

Siku ya Redio Duniani. Tarehe hii imetokana na Redio ya Umoja wa Mataifa, iliyoanzishwa 13 Februari 1946, na UNESCO waliipitisha mwaka 2011. Kwetu imeadhimishwa kwa keki yenye umbo la redio. Kisu kilianzia kwenye antena.

Bosi alisoma hotuba. Alisema Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na kwamba Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilipofungua maiki mwaka 1957, habari zilisomwa na Oscar Kambona, wakati huo mwanafunzi tu pale London, ambaye baadaye alikuwa waziri wa mambo ya nje. Akataja pia njia ya marehemu Charles Hilary: Radio Tanzania, Radio One, Deutsche Welle, BBC, Azam, halafu Ikulu ya Zanzibar, ambako alikuwa msemaji hadi alipofariki mwaka 2025. Kisha akatutazama sisi kwa zamu, mmoja mmoja, akasema kazi hii inaweza kumfikisha mtu popote. Mimi nilikuwa na mfano wa Tunduma lakini sikuutoa.

Mgeni rasmi alikuwa mzee mstaafu wa Radio Tanzania. Alipewa dakika kumi. Mzee wa namna hii ukimpa maiki huipati tena. Aliishika kwa mkono wa kushoto, akaweka wa kulia juu ya swichi, hata fundi mitambo hakuwa na pa kupita. Akaeleza enzi za Barabara ya Pugu, bendi zikipanga foleni kurekodi kwenye utepe, na nyimbo zinaanza kupigwa nchi nzima kabla mwanamuziki hajapata nauli ya kurudi nyumbani. Waliotaka santuri walivuka hadi Nairobi. Akaeleza kadi za salamu: magunia, alisema, magunia ya posta, na watu waliokuwa maarufu nchi nzima kwa kazi moja tu ya kusalimia. Tangazo la benki halikwenda. Taarifa ya habari ya saa nne haikwenda. Hakuna msikilizaji aliyelalamika, na hilo lilimuumiza mhariri kuliko yote.

Tukiwa kwenye soda nikamlalamikia mzee kwamba siku hizi mhariri anakupa karatasi ya habari jingo ikiwa imeshaanza kulia, huna nafasi hata ya kupitia majina. Akanisikiliza kwa upole. Kisha akanikumbusha Leonard Mambo Mbotela wa Sauti ya Kenya, yule wa "Je, Huu ni Ungwana?", kipindi alichokianza mwaka 1966 akakiendesha kwa miongo. Alfajiri ya 1 Agosti 1982, askari waliokuwa wanajaribu kuipindua serikali walimfuata nyumbani kwake, wakampeleka studio na bunduki zao, wakampa tangazo asome kwamba serikali imeondoka. Akasoma. Siku hiyo hiyo mapinduzi yakashindwa, na sauti ile ile ikahitajika tena kuwaambia wananchi kwamba serikali ipo.

"Naye hakupata nafasi ya kupitia majina," mzee akasema, akaomba keki nyingine.

Jumamosi, 14 Februari

Ukitaka kujua mshahara wa mtangazaji, angalia Jumamosi yuko wapi. Mimi nilikuwa Kimara, kwenye harusi, nikisherehesha. Tarehe yenyewe ni ya wapendanao, kumbi zote zimejaa, hata MC asiye na sauti anapata kazi.

Kwenye meza ya wazee upande wa bibi harusi alikuwepo bibi mmoja ambaye kila nilipoanza kusema alifumba macho, nikinyamaza anayafumbua. Nilidhani anasinzia. Wakati wa chakula nikapita kumwamkia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Ni wewe yule wa asubuhi?"

"Ndiye mimi."

"Nakusikiliza siku zote. Usinichukie, lakini nikikutazama unanipotea." Akafumba macho. "Haya, sema tena kidogo."

Nikamsomea ratiba ya keki na zawadi, yote, huku nimesimama na sahani ya pilau. Akaridhika. Kamati imelipa nusu. Nusu nyingine mwenyekiti amesema ipo kwa mhazini, na mhazini hajaonekana tangu kufungua muziki.

Jumapili, 15 Februari

Siku yangu ya mapumziko. Jamaa wa dawa ya wadudu akaja nyumbani mapema. Anasema sauti ya kwenye kadi imechakaa, inakwaruza, wateja wa Kariakoo wanadhani spika ni mbovu, na zaidi anataka niongeze papasi na siafu. Nikamwambia safari hii chapati hazitatosha. Tukabishana bei mpaka mke wangu akatoka kuangalia kuna nini. Tukakubaliana kwa fedha kidogo na katoni moja ya dawa. Nilikubali katoni kwa sababu ya kochi la studio.

Nimempigia bosi kumweleza, kama mtu anayesaidia kampuni. Akanyamaza kidogo, akaomba namba ya jamaa. Baada ya saa moja akanipigia kwa furaha ambayo sijaisikia tangu kampuni ipate leseni: kipindi cha Jumanne kimepata mdhamini. Kochi litabaki lilivyo kwa sasa, dawa ipelekwe stoo ikahesabiwe. Mdhamini ana sharti moja tu, pakiti zipangwe mezani mbele ya mgeni, maandishi yakiangalia kamera.

Mgeni wa Jumanne ni daktari wa ngozi.