Shemeji na Mizinga Yake

Ikikaribia Julai, hapa Ohio kila mwanamume mwenye kiberiti hujiona mkuu wa kikosi cha mizinga. Sikukuu ya uhuru wa Marekani ni tarehe 4, lakini wapi! Mtaa wetu huanza kulipuka tangu mwisho wa Juni, na sherehe ikiisha bado kuna bwana nyuma ya nyumba yetu anamalizia mabaki usiku wa manane. Sisi wenye zamu ya alfajiri tunaambiwa tuvumilie, eti nchi inasherehekea.

Haya, isherehekee. John Adams mwenyewe alimwandikia mkewe mwaka 1776 kwamba siku hiyo iadhimishwe kwa kengele, mizinga na mioto, nchi nzima. Tena yeye aliikusudia tarehe 2, siku kura ya uhuru ilipopigwa, kwa hiyo wenye kuanza mapema wana wakili. Ila sikuona mahali Adams aliposema mzinga uwashwe kibarazani kwangu, kando ya jiko la nyama.

Sheria nayo ilikuwa kichekesho. Zamani duka la Ohio lilikuuzia fataki kubwa, kisha ukatia sahihi fomu ukiahidi kuzitoa nje ya jimbo ndani ya saa 48. Watu walitia sahihi, wakaenda zao nyumbani kuziwasha. Tangu Julai 2022 jimbo limeruhusu ziwashwe siku za sikukuu, miji ikaachiwa uamuzi wa kukataza. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, katika habari yote hiyo alisikia neno moja tu: ruksa.

Basi huja na boksi lake, kandambili miguuni, maelekezo kashayatupa. Anatega bomba, anawasha utambi, anarudi nyuma. Kimya. Tunasubiri. Kimya. Naye huyo, anarudi kuchungulia ndani ya bomba!

“Shemeji, toa uso hapo!”

“Shemeji nawe unaogopa kila kitu. Hii si ya dukani?”

Ya dukani, ndiyo. Hata zile za Jason Pierre-Paul, mchezaji wa mpira wa Kimarekani, hazikuwa za jeshini, na Julai 2015 alipoteza kidole cha shahada. Fataki iliyogoma haiwashwi tena wala haichunguliwi. Iache dakika 20, kisha imwagie maji ya kutosha.

Lakini shemeji nitamsamehe kabla ya mashangazi. Hao ndio wanaogawa vile vijiti vya cheche kwa watoto wa miaka mitatu waliovaa magauni ya nailoni, kisha wanasema, “Cheza, mama, hiki hakina mlio.” Kumbe kijiti kile huwaka kwa nyuzi 1,100 hivi za Selsiasi. Sufuria ya alumini huyeyuka kwa 660! Na mtoto huyohuyo akisogelea kikombe cha chai, mashangazi wote husimama: “Ataungua!” Chai, jamani, hata ikichemka haivuki 100.

Kesho yake asubuhi mwenye kufagia ni nani? Ni mimi. Maganda yametapakaa hadi kwenye bustani yangu ya sukuma, mengine bado yana joto, na mtu anataka kuyatia kwenye pipa la plastiki lililoegemea ukuta wa nyumba ya mbao. Moto wa namna hiyo hauna haraka, husubiri mlale. Yalowekwe ndooni usiku kucha kwanza, ndipo yatupwe.

Miji mingi hapa hurusha fataki zake bure, chini ya wataalamu wanaolipwa kwa kazi hiyo. Unabeba kiti na mkeka, unatazama, unarudi na vidole vyako vyote 10. Kwa hiyo natangaza mapema: atakayekuja kwangu na boksi mwaka huu aje na ndoo ya maji na viatu vya kufunika miguu, awashie mbali na nyumba, moja moja, na asiwe amekunywa. Asiyeweza hayo, boksi libaki garini. Nyama atapewa.