Arobaini, na Mbili Juu Yake

Kwetu Diani mzazi huwekwa ndani siku arobaini. Hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa mkaja hadi pumzi zikawa za kukopa, hunyweshwa uji wa pilipili manga asubuhi na mchuzi wa kuku wa kienyeji mchana. Kazi zake ni mbili tu: kunyonyesha, na kupokea wageni wanaokuja kumwarifu kwamba mtoto hakumtoa hata ukucha, kamtoa babake mtupu. Arobaini ikitimia, hutoka. Wenzangu hutokea harusini. Yangu mimi ilitimia nikiwa nimeshaandikishwa kukimbia kilomita arobaini na mbili.

Mkono haukuwa wangu. Mwajiri wetu aliamua kuwalipia wafanyakazi washiriki Nairobi Marathon, zile mbio za Oktoba zilizoanza mwaka 2003, nami nikiwa bado likizo nikapiga simu ofisini, nikaomba kilomita 10. Kumi nilizipigia hesabu: nusu nitatembea, nusu nitapiga picha. Karani aliyepokea simu, ambaye mpaka leo anashikilia kwamba mtoto alikuwa akilia na hakusikia vizuri, akaandika 42. Ujumbe wa kuthibitisha ulipoingia, mume wangu akausoma kwa sauti sebuleni, mbele ya mamake. Mavyaa alicheka hadi akavua miwani.

“Mkamwana, wewe? Si wewe unayepanda tuktuk kwenda kununua dania?”

Kosa la namba hurekebishwa kwa simu moja. Likishachekwa na mavyaa, halirekebishiki tena.

Mume wangu alikuwa upande wangu, kwa mdomo. Yeye ni mtu wa michezo, yaani huitazama. Kila nilipolegea alinitajia mama mmoja. Catherine Ndereba alijifungua 1997, akaja kushinda Boston mara nne. Paula Radcliffe wa Uingereza alizaa Januari 2007, na Novemba ya mwaka huo huo akashinda New York. Peres Jepchirchir alipata binti 2017, na 2021 akatwaa dhahabu ya marathoni ya Olimpiki kule Japani. Hellen Obiri, naye mama, alishinda Boston 2023, akarudia 2024. Orodha hiyo yote aliitoa akiwa amejilaza kochini, mtoto nimembeba mimi. Nikamuuliza, katika hao, yuko hata mmoja aliyezaliwa Ukunda? Akanyamaza kidogo. “Utakuwa wa kwanza,” akasema, akageukia upande wa pili.

Sasa tuje kwenye mwili, maana mwili ndio uliotumwa. Wataalamu wa tiba ya viungo wa Uingereza walitoa mwongozo mwaka 2019 kwamba mama asianze kukimbia kabla ya wiki 12 tangu ajifungue, ili misuli ya nyonga ipate kupona. Wiki 12 ni miezi mitatu, na miezi mitatu ndiyo likizo ya uzazi tunayopewa na Sheria ya Ajira ya 2007. Kwa hiyo siku mwili unapopata ruhusa ya kukimbia ndiyo siku ofisi inapokutaka mezani. Hapo ndipo unapogundua kwamba saa pekee iliyobaki ni ile ya baada ya swala ya alfajiri, ikiwa mtoto hakukesha. Mtoto alikesha.

Hiyo misuli ya nyonga, tuiseme kistaarabu. Kabla ya kuzaa, nikipiga chafya ilikuwa chafya. Baada ya kuzaa, chafya ikawa na matokeo. Dawa yake ni mazoezi yaliyoelezwa na daktari Mmarekani, Arnold Kegel, mwaka 1948: unabana, unahesabu, unaachia. Uzuri wake ni kwamba hayaonekani. Nimeyafanya kwenye mkutano wa ofisi, nimeyafanya kwenye foleni ya feri Likoni, nimeyafanya matangani, uso mkavu, hadi wafiwa wakaanza kunipa pole mimi.

Mavyaa hakuwa na neno na nyonga. Hofu yake ilikuwa maziwa. “Ukikimbia juani yanachemka. Mjukuu wangu anywe yaliyochemka?” Nikamweleza kwamba mwaka 1994 utafiti ulichapishwa Marekani katika New England Journal of Medicine: akina mama wanaonyonyesha waligawanywa, hawa wafanye mazoezi, hawa wasifanye, na maziwa hayakupungua wala kubadilika. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa. “Hao Wamarekani,” akasema, “wana jua hili?” Tukaafikiana kwamba nikirudi mbioni nisimguse mtoto mpaka nioge. Baadaye nikatambua hilo la kuoga ndilo alilokuwa analitaka tangu mwanzo.

Siku ya kwanza nilivaa suruali ya mazoezi, dera juu yake kwa heshima, na sidiria mbili, ya pili ikiizuia ya kwanza. Msimu wa kusi ulikuwa umeshika. Nikaingia barabara ya ufukweni nikielekea Galu, yaani kusini, ndiko upepo unakotokea. Dera likajaa kama tanga la ngalawa. Kila nikipiga hatua mbili, narudishwa moja.

Na hapo nikajua kwamba Diani mbio ni za watalii. Mzungu akipita mbio hakuna anayegeuza shingo, huyo yuko likizoni. Mwenyeji, tena mwanamke, tena mwenye dera, akikimbia giza halijapasuka vizuri, kuna jambo. Bodaboda wa kwanza alipunguza mwendo akawa sambamba nami.

“Mama, nani mgonjwa?”

“Hakuna mgonjwa.”

“Basi panda, bei tutaongea mbele.”

“Nafanya mazoezi.”

Alinitazama kwa huruma, akashusha sauti. “Ni mume?”

Wa pili hakuuliza kitu. Alisimama mbele yangu, akapangusa kiti, akangoja. Mlinzi wa nyumba moja alifungua lango akaniashiria niingie haraka, kabla anayenifukuza hajatokea. Nilicheka, lakini pia nilitia moyoni: siku utakapokimbizwa kweli Diani, hutakosa wa kukusitiri.

Waliokuwa hawana maoni ni mbega peke yao. Wale weusi wenye manyoya meupe mashavuni, waliofungiwa ngazi za kamba juu ya barabara na Colobus Conservation ili wavuke bila kugongwa na magari, walikaa huko juu wakitafuna majani na kunitazama nipite. Tumbili ndio walionionea. Nilikuwa na kifuko cha tende kiunoni, chakula cha njiani. Nilipoinama kufunga kamba za kiatu, tumbili akaja akafungua zipu. Hakurarua, alifungua. Alichagua tende mbili nzuri akaniachia nyingine.

Programu ya mazoezi niliyoipakua kwenye simu ilijua mapigo ya moyo wangu, ikajua mwendo wangu, na nikilala ikanisuta. Haikujua mwezi. Jumamosi moja iliniandikia kilomita 20, na mtoto akalala saa nane na nusu mchana, usingizi ule mzito ambao mama hauulizi ulikotoka. Ilikuwa bamvua. Siku za bamvua kwetu maji hupwa saa nne, saa tano asubuhi, watu wakatembea mbali huko nje wakiokota, na jioni saa kumi, saa kumi na moja hujaa, yakipanda zaidi ya mita tatu. Hayo nayajua toka utotoni. Lakini mtoto akilala haangalii bamvua wala maji mafu, na mama hukimbia anapoachiliwa. Nikashuka ufukweni.

Kwenda nilikwenda vizuri. Wakati wa kurudi ufuo ukawa mwembamba, kisha ukawa wa mguu mmoja, kisha ukaisha. Kulia bahari, kushoto ukuta wa hoteli, mimi katikati, viatu kichwani, maji kiunoni, dera linaelea. Nikaona ngazi, nikazipanda. Juu yake alisimama mlinzi, kijana safi, redio mkononi.

“Shikamoo, mama. Chumba namba ngapi?”

“Marahaba. Sina chumba.”

“Umekuja na mashua?”

“Nimekuja kwa miguu.”

Aliitazama bahari, akanitazama mimi, akaitazama tena bahari. Bado anatafuta swali la tatu, mtoto wa mgeni mmoja akaanza kulia kando ya bwawa. Aliyenyonyesha ananielewa: maziwa hayaulizi kilio ni cha nani. Yakashuka. Kifua, ndiyo sehemu pekee iliyokuwa kavu, kikalowa mbele ya kijana wa watu. Akageuza uso, akavua koti lake la kazi, akaninyooshea mkono huku akiangalia minazi, kisha akanitoa kwa mlango wa jikoni. Koti nililirudisha kesho yake likiwa limefuliwa na kupigwa pasi, na mfuko wa mahamri juu. Ustaarabu wa namna ile haufundishwi kwenye kozi za ulinzi.

Oktoba ikafika. Tukapanda SGR kutoka Miritini, mimi, mume, mtoto, na mavyaa, aliyetangaza kwamba anamfuata mjukuu, mambo yangu hayamhusu. Diani iko usawa wa bahari. Nairobi iko juu yake mita 1,700 hivi. Hewa ya huko ni nyepesi, kila pumzi inaleta oksijeni pungufu ya ile uliyoizoea, na mwili huhitaji wiki kadhaa kutengeneza damu ya kuweza kustahimili. Mimi niliupa usiku mmoja. Wenzetu wa Iten wanaishi mita 2,400 na ushei. Kwao kushuka Nairobi ni kuja ufukweni. Halafu ile baridi! Kwenye mstari wa kuanzia vijana walikuwa na vikaptula na fulana zisizo mikono. Mimi nilikuwa na leso mbili mabegani na meno yanayogongana.

Southern Bypass ukiipita kwa gari ni tambarare. Ipite kwa miguu. Kilomita ya 10 nilimkumbuka karani. Kilomita ya 21 nilimkumbuka tena, safari hii kwa jina la babake. Ilipokaribia 30 kifua kilikuwa kimejaa hata kinauma kuliko miguu, na mume wangu, tuliyepatana anisubiri na mtoto mahali fulani, nikamwona upande wa pili wa barabara akipunga mikono mitupu, polisi hawamruhusu kuvuka.

Mavyaa alikuwa ameshavuka. Alilomwambia polisi hajalisema mpaka leo. Alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara, leso imetandikwa, mjukuu mapajani, chupa ya chai pembeni. Nayo haikuwa na chai, ilikuwa na uji wa pilipili manga.

“Njoo umnyonyeshe,” akasema. “Yasije yakachemka.”

Nikaketi. Nikanyonyesha chini ya leso kando ya barabara kuu ya Nairobi, wakimbiaji wakipita, mzee mmoja akipiga makofi. Nikanywa uji kikombe kizima. Wataalamu wa lishe ya wanariadha wana vinywaji vyao vya rangi, na kwenye meza za njiani nilivijaribu vyote. Kilichonifikisha ni pilipili manga, wallahi.

Mita 195 za mwisho ni urithi wa London. Mwaka 1908 waliipanga njia ya Olimpiki ianzie kasri la Windsor na iishie mbele ya jukwaa la kifalme, na mwaka 1921 kipimo hicho kikafanywa sheria ya dunia. Nilizitembea hizo 195 nikiwataja wafalme. Washindi walikuwa wameshaoga na kwenda zao. Mafundi walikuwa wanakunja mahema.

“Umekuwa wa ngapi?” akauliza mavyaa.

Nikamtajia namba yenyewe, ndefu. Akaitafakari.

“Na nyuma yako wapo?”

“Wapo.”

“Basi.”

Tangu siku hiyo hakuna harusi Ukunda ambayo wageni hawakuambiwa kwamba mkamwana wake alikwenda bara akawashinda watu.

Mwaka huu nimejiandikisha tena, kilomita 21, na fomu nimeijaza kwa mkono wangu. Ndugu zangu wa bodaboda kati ya Ukunda na Galu, nina ombi. Mkiniona alfajiri, punguzeni taa, piteni kwa mbali, wala msiniulize nani mgonjwa. Lakini mkimwona mama mtu mzima mwenye kandambili anakuja nyuma yangu kwa kasi, huyo mchukueni mkamrudishe nyumbani, nitalipa mimi. Ameanza mazoezi ya zile kilomita 5, na magoti yake si mazuri.