Land Rover Haikuomba Redio

Mke wangu aliniuliza mapema: gari lenyewe lina kelele za kutosha, redio ya nini? Sikumjibu. Mwenye Land Rover hazoei kujibu hoja nzuri. Angezoea, asingekuwa nayo.

Yangu ni Series IIA ya mwaka 1964, ya petroli, niliyorithi kwa baba mdogo ambaye naye aliipata mnadani. Hapa Moshi watu wakiiona, nusu wananipa pole, nusu wananiuliza naiuza shilingi ngapi kwa kilo. Yote hayo nimeyavumilia. Kilichonishinda ni bodaboda. Kijana ana magurudumu mawili tu, lakini anapita na spika mbili, taa za rangi na singeli inayoamsha kuku. Mimi mwenye manne, matano ukihesabu lile la juu ya boneti, napita kama msiba.

Nikampelekea gari kijana anayefunga redio za magari. Akalizunguka mara mbili.

"Mzee wangu, hizi spika unataka zikae wapi?"

Lilikuwa swali zuri. Milango ni bati, na ng'ambo ya bati ni barabara. Vioo havishuki, vinasukumwa pembeni kama dirisha la duka la dawa. Redio nayo haina pa kukaa, maana penye dashibodi kuna kishubaka kirefu alichokuwa anawekea ndizi baba mdogo. Kijana akainama chini ya kiti changu, akatabasamu.

"Hapa pana nafasi. Tunatoboa."

"Hapo ni tangi la petroli."

"Chini ya kiti?"

"Chini ya kiti."

Akaweka drili chini polepole, kwa heshima. Tukakubaliana spika zining'inie nyuma, juu ya mabenchi ya abiria.

Ikaja zamu ya nyaya. Nyekundu kwenye betri, nyeusi kwenye bodi, akasema, magari yote duniani ndivyo yalivyo. Na mimi nikatikisa kichwa kama mtu anayejua. Ikatoka harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya gauni la nailoni, halafu moshi mwembamba, basi. Redio ya shilingi 85,000 ilikata roho kabla haijatamka neno.

Tulimwita mzee mmoja, fundi umeme mstaafu. Alicheka hadi akavua miwani. Magari mengi ya Kiingereza ya miaka ile, alisema, yalifungwa kinyume: chanya ndiyo inayokwenda kwenye bodi, hasi ndiyo inayobaki na nyaya. Akaigeuza betri, akabadilisha nyaya za koili na za mita ya chaji. "Sasa tuifundishe dinamo, la sivyo itaendelea kuchaji kwa mtindo wa zamani." Akachukua waya wenye umeme wa betri, akaugusisha kwenye dinamo, cheche ikaruka. "Imeelewa."

Dinamo ilikuwa imeshikilia msimamo mmoja miaka sitini, ikaubadili kwa cheche moja. Wanasiasa huchukua muda mrefu zaidi, japo si mrefu sana.

Redio ya pili ilikuwa mtumba kutoka Japani. Maandishi yote Kijapani, hilo nalisamehe. Nisilolisamehe ni kwamba FM yake inaanzia 76 na kukomea 90, ndivyo walivyojipangia kwao, wakati vituo vyetu vingi vimerundikana huko juu kuelekea 108. Nikaambulia viwili: kimoja mahubiri, kingine mganga wa vidonda vya tumbo. Nikanunua ekspanda. Hela nyingine.

Hapo mtu mwenye akili angeishia. Mimi nikanunua sabufa.

Kisanduku kiliandikwa wati 1000. Hesabu ni ya sekondari: wati 1000 gawanya kwa volti 12, unahitaji zaidi ya ampia 83. Dinamo yangu, ikiwa imeamka vizuri na injini inakimbia, inatoa 22. Nikiwasha taa kubwa, karibu nusu zimekwenda. Bahati yangu kisanduku kilikuwa kinadanganya, lakini hata huo ukweli mdogo uliobaki ni mzigo. Usiku kila besi ikidunda, taa zinafifia. Madereva wa mbele yangu wanadhani nawaomba njia, wananipisha, halafu wanashangaa sipiti.

Bodi ya gari hili ni aluminiamu, kwa sababu Land Rover ilipozinduliwa mwaka 1948 Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgawo. Kwa hiyo nikiongeza sauti ya sabufa sisikii besi. Nasikia kabati la sufuria la mama mkwe, siku ya tetemeko.

Nikaingia barabara ya Kibosho kujionyesha. Kilomita 20 kwa saa, nilisikia wimbo. Kilomita 40, sikujua tena anayeimba ni mwanamume au mwanamke. Kilomita 60, giaboksi inalia, turubai linapiga makofi, upepo unaingia kila mahali isipokuwa kwenye matairi, na katika spika kuna tik-tik-tik ya plagi inayopanda kila nikikanyaga mafuta. Spidomita imekufa tangu hapo, kwa hiyo sasa nasoma mwendo kwa redio. Ndiyo faida pekee niliyoiona.

Basi redio yangu inafaa gari likiwa limesimama. Jumamosi ya Simba na Yanga umeme ulikatika mtaa mzima, na majirani wakakumbuka kuna mtu ana sabufa inayotumia betri. Walikuja na viti. Mama muuza vitumbua akahamishia jiko lake kwenye bampa langu. Niliketi usukani, sauti hadi mwisho, nikiwa mtu mkubwa kwa mara ya kwanza tangu nirithi kile chombo.

Dakika ya 82, bao kwa bao, refa akapuliza filimbi. Penalti? Mpira wa adhabu? Sauti ikanyong'onyea, ikanywea, ikazima. Betri.

Sitaeleza niliyoitwa. Hendeli ya kupigia stati niliiazimisha mwaka juzi na haijarudi, kwa hiyo wakasukuma. Simba upande wa kushoto, Yanga upande wa kulia, kila upande ukiulaumu mwingine kwa uvivu. Mteremko wa msikitini nikaachia klachi, injini ikakohoa, ikashika, ikanguruma. Redio ikawaka. Mtangazaji alikuwa anapiga kelele, hilo tuliliona kwenye spika zinavyotetemeka.

"Mzee!" wakaniita wote kwa pamoja, mikono masikioni. "Zima injini tusikie!"