Hapa Hatupikii Umeme

Ukienda kupanga chumba Dar es Salaam, hasa hizi nyumba zetu za ua mmoja, kabla hujaoneshwa choo utaambiwa: hapa hatupikii umeme. Sababu ni Luku. Vyumba sita, mita moja, mchango sawa kwa wote, na kuna mzee humo ndani ana taa moja na redio tu. Ndiyo maana jiko langu la koili linaishi chini ya kitanda, nyuma ya begi la nguo za sikukuu.

Si jiko la kujivunia. Ni kigae cheupe chenye mfereji wa mzunguko, waya uliosokotwa umelala ndani, na fremu ya bati. Wati 2,000. Ukichomeka tu, taa za nyumba nzima zinafifia, na hapo mama wa chumba cha mbele anapaza sauti: "Nani huyo anapiga pasi?"

"Ni mimi, mama. Nanyoosha shati."

"Haya, mwanangu. Ila shati lako linanukia dagaa."

Chai jiko hili linaiweza, mayai linayaweza. Shida ni ugali. Ugali unataka jiko lililotulia, na hili jepesi: ukigandamiza mwiko, lenyewe linakwenda upande upande kama kaa. Kulikanyaga kwa mguu ndiyo mila ya majiko ya mkaa, lakini hapa waya uko wazi na sufuria ni ya alumini. Ikigusa koili wakati umesimama peku kwenye sakafu yenye maji, msiba unaanza kabla ya chakula. Basi unazima, unasonga, unawasha, unazima tena. Kinachopatikana mwishoni kinaliwa kwa kijiko, na mgeni haulizi jina lake.

Siku uji ukifurika, koili inakatika. Fundi wa mtaani huzivuta zile ncha mbili, akazisokota pamoja, akachukua hela yake. Asichokwambia ni kwamba kila akiunga, waya unapungua urefu. Waya mfupi unapitisha umeme mwingi zaidi, jiko linakuwa kali kuliko lilivyotoka dukani, uniti zinakimbia, na koili inakatika mapema kuliko mwanzo. Jirani yangu mmoja alilisifia la kwake kwa ukali huo huo, mpaka ekstensheni ya bei ya chee aliyolichomekea ilipoyeyuka na kugandana na zulia.

Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia: ikifika 2034, Watanzania asilimia 80 wawe wameachana na kuni na mkaa. Redio ya mzee huitangaza habari hiyo uani, tunaitikia kwa vichwa, kisha kila mtu anarudi kupepea mkaa wake. Si ukaidi. Maharage makavu kwenye koili ya wati 2,000 yakikaa saa mbili yanakula uniti nne. Uniti ni shilingi 292, ukiweka kodi na tozo chungu kimoja kimegonga shilingi 1,400 hivi, na hizo zinalipwa na vyumba sita wakati mlaji ni mmoja. Hata mimi ningekuwa yule mzee, ningekohoa.

Kwa hiyo sioni jiko lina kosa gani, ukiacha huo waya wa wazi ambao kwa nyumba yenye watoto siushauri kabisa. Lile ambalo koili yake imefunikwa kwa sahani ya chuma ni afadhali mara mia. Kinachotugombanisha ni mita. Wenye nyumba, tafadhali, fungeni sabmita kila chumba, kila mtu ale uniti zake. Wangu akikubali, hela ya fundi natoa mimi.