Picha Zimegoma Kuhama: Vikwazo Vinane, Kuanzia Chepesi Hadi Kinachouma

Mahafali yamekwisha, keki imeliwa, mgeni rasmi ameshaondoka na msafara wake. Kwenye kundi la WhatsApp wazazi wameanza: "Mwalimu, picha vipi?" Picha zipo, ndani ya kamera ya shule. Kishikwambi nacho kipo mezani, pengine ni kimojawapo cha vile vilivyohesabu watu kwenye Sensa ya Tanzania ya 2022 kabla ya kugawiwa walimu. Unachomeka waya. Kimya. Unauchomoa, unaupuliza, unauchomeka tena. Kimya zaidi.

Tulia, mwalimu wangu. Picha zikigoma kuhama hazijapotea. Bado zimekaa kwenye kadi, na zitaendelea kukaa humo mradi uanze na mambo mepesi na usiguse lile zito lililoko namba moja.

8. Kamera imelala

Kamera nyingi hujizima zenyewe zisipoguswa kwa dakika chache. Unakilaumu kishikwambi, kumbe mwenzake hajaamka! Washa kamera, kisha ingia kwenye menyu urefushe muda wa kujizima. Betri nayo ijae kwanza, maana ikikata katikati ya safari, picha inaweza kufika nusu: mwalimu yupo, mhitimu hayupo.

7. Waya ni wa kuchaji tu

Huyu ndiye mchawi wa nyumba nyingi. Waya wa kawaida wa USB una nyuzi nne ndani yake, mbili za umeme na mbili za data. Nyaya nyingi za bei nafuu zimewekewa zile za umeme peke yake, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Taa ya kuchaji inawaka, unafurahi, picha hazisogei. Kuupima ni rahisi: unganisha simu na kompyuta kwa waya huohuo, uchague kuhamisha faili. Simu ikichaji lakini kompyuta isiione, waya huo umeajiriwa idara ya umeme. Usiulazimishe kazi ya posta.

Ukienda Kariakoo, usiseme tu "nipe waya wa USB." Sema unataka wa data, na uujaribu hapohapo kabla hujatoa hela. Beba na kamera yenyewe, kwa sababu za zamani zina tundu la mini-USB, zilizofuata micro-USB, na nyingi za sasa USB-C. Muuzaji hawezi kuotea.

6. Hakuna anayeongoza

Kwenye USB lazima mmoja atoe amri na mwingine atii. Kamera imezoea kuamriwa na kompyuta. Kishikwambi nacho kimezoea hivyohivyo. Ukiwakutanisha, kila mmoja anamsubiri mwenzake aanze, na wewe unawasubiri wote wawili. Kwa vishikwambi vya Android vyenye tundu la micro-USB, dawa ni adapta ya OTG, inayokipa kishikwambi cheo cha kutoa amri, na ncha yake ya OTG ikae upande wa kishikwambi, siyo wa kamera. Kuna vifaa ambavyo OTG imezimwa kwenye mipangilio mpaka uiwashe mwenyewe, kwa hiyo pitia huko kabla hujarudisha adapta dukani kwa hasira.

Kwenye iPad za tundu la Lightning unaweza kuletewa ujumbe kwamba kifaa kinahitaji umeme mwingi mno. Hapo tafuta adapta yenye tundu la pili la kuingizia chaja. Mpe umeme wake, ataacha kulalamika.

5. Kamera inajibu swali jingine

Fungua menyu ya kamera, utafute sehemu ya muunganisho wa USB. Kuna kamera zinazokupa MTP au PTP, kuna zenye Mass Storage, na nyingine zina hali ya kuendeshwa na kompyuta au ya kurusha video moja kwa moja. Ikiwa kwenye hizo mbili za mwisho, haijui kama unataka picha. Badilisha, chomoa, chomeka tena.

4. Wi-Fi iliyokimbiwa

Kamera yenye Wi-Fi hutengeneza mtandao wake mdogo ambao hauna intaneti. Kishikwambi kinajiunga, kinagundua hakuna intaneti, kinaondoka kimyakimya kurudi kwenye data ya laini. Zima data kwa muda, na ukiulizwa kama ubaki kwenye mtandao usio na intaneti, kubali.

Halafu angalia ukubwa wa kilichofika. Programu kadhaa za kamera, zikiachwa zilivyo, hutuma nakala ndogo ya megapikseli 2 tu. Inatosha kuonekana kwenye simu, haitoshi kutundikwa ukutani kwa mwenyekiti wa bodi. WhatsApp nayo hubana picha, kwa hiyo kwa mzazi anayetaka kusafisha picha kubwa, itume kama hati.

3. Kadi na folda

Mimi, nikiwa na chaguo, waya naweka pembeni kabisa. Chomoa kadi, itie kwenye kadi rida, chomeka rida kwenye kishikwambi. Umeruka namba nane, saba, tano na nne kwa mkupuo mmoja! Betri ya kamera inapumzika, na wewe pia.

Ila kadi nayo ina masharti. Zenye nembo ya SDHC huishia GB 32. Kupita hapo ni SDXC, ambazo rida za zamani huenda zisizisome, na kwa kawaida huja na mfumo wa faili wa exFAT, ambao baadhi ya vishikwambi vya Android haviuelewi. Picha ziko mle ndani nzima kabisa. Msomaji ndiye hajui herufi. Badilisha rida, au pitia kwenye kompyuta.

Kwenye iPad, programu ya Picha huzitafuta ndani ya folda ya DCIM, zikiwa na majina ya herufi nane ya aina ya DSC_0001. Aliyejitolea kupanga kadi na kuziita picha "mahafali bora kabisa" amezificha kwa moyo mweupe. Kuanzia iPadOS 13 ya mwaka 2019, fungua programu ya Faili uzichukue huko.

2. Chumba kimejaa

Picha moja ya RAW, yaani faili ghafi, kutoka kamera ya megapikseli 24 inaweza kufika MB 25. Piga 1,000 na umefikisha GB 25, wakati kishikwambi cha GB 32 kimeshajaa programu na video za watoto. Kwa shughuli za shule JPEG inatosha. Anayepiga RAW alete diski ya nje.

1. "Kadi haisomeki. Uifomati?"

Hapana. Hapana! Kishikwambi kinauliza kwa upole, kwa kitufe kizuri, na kidole kimoja kilichochoka saa tano usiku kinafuta mahafali ya watoto ambao hawatavaa tena yale majoho. Kataa, chomoa kadi, irudishe kwenye kamera. Picha zikionekana humo, kadi ni nzima na mwenye matatizo ni rida au kishikwambi.

Na kama kitufe kimeshabonyezwa, usipige hata picha moja zaidi kwenye kadi hiyo. Kufomati kwa haraka aghalabu hufuta orodha tu na kuziacha picha zenyewe mahali pake, mpaka nyingine ziandikwe juu yake. Ipeleke kadi kwenye kompyuta yenye PhotoRec, programu ya bure, na uhifadhi zitakazopatikana kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye kadi ileile.

Zikishafika zote, zifungue, zivute uone nyuso, weka nakala sehemu ya pili. Baada ya hapo fomati kadi, ukiwa ndani ya kamera yenyewe.