Namna ya Kushuka Gari Bila Kushuka Heshima

Mwongozo huu haumhusu kila mtu. Mwenye Vitz aendelee na Vitz yake kwa amani, na mwenye honda apige kiki aende zake. Unamhusu yule ndugu yetu aliyekaa Muscat miaka, akajenga nyumba ya vigae hapa Wambaa, Pemba, kisha akaagiza Japani gari ambayo siku ilipoteremshwa bandarini Mkoani hata makuli waliinama kutazama kama tumbo limegusa sakafu. Toyota Soarer, toleo la mwisho, lile lililouzwa kwengineko kwa jina la Lexus SC 430: milango miwili, V8 ya lita 4.3, viti vya ngozi, mbao za kung'aa, na paa la alumini linalojikunja kwa kubonyeza kitufe na kwenda kulala ndani ya buti.

Sasa ameshajua alichonunua. Pemba yote, kusini mpaka kaskazini, haifiki kilomita 70. Gari ile ina gia tano zinazojiingiza zenyewe, na hiyo ya tano haijapata kazi tangu ivuke bahari, maana kabla haijaingia, ng'ombe ameshaingia barabarani. Viti vya nyuma vimewekwa kwa ajili ya ankara ya kiwandani. Mbuzi wa Idi akipakiwa pale atalalamika, tena kwa haki. Usiku analala akiwaza kitu chepesi: Toyota MR-S, ya watu wawili, injini ya 1.8 nyuma ya viti, paa la turubai, tani moja hivi kwa ujumla wake, na bei ambayo mtu anaweza kuitaja mbele ya mkewe.

Kuipata MR-S si kazi. Kazi ni baraza. Wazee wa barazani wana hesabu moja tu ya magari: ikitoka kubwa ikaingia ndogo, basi mwenyewe kuna jambo limemfika. Ama ameachishwa kazi, ama ana mke wa pili Chake Chake, ama vyote viwili. Fuata maelekezo haya ili wasifike huko.

Anza kulalamikia uzito mapema, miezi kabla ya kuuza, na usilalamikie kitu kengine chochote. "Nzito hii, ami. Nzito mno." Sema ukiwa unashuka garini, huku umeshika kiuno, ili ionekane uzito wenyewe umekuumiza. Neno petroli lisikutoke mdomoni. ZURA, wadhibiti wa nishati Zanzibar, hutangaza bei ya mafuta kila mwezi, na siku hiyo ndiyo hatari kwako, kwa sababu watu wote barazani watageuka kukutazama wewe na V8 yako. Sikiliza tangazo kama unayesikiliza matokeo ya mpira wa nchi usiyoijua. Kisha uliza kama samaki wameingia leo.

Uzito ukishazoeleka masikioni, mlete Mwingereza. Anaitwa Colin Chapman, ndiye aliyeanzisha kampuni ya Lotus, na mafundisho yake yalikuwa kwamba ukiiongezea gari nguvu utaipa mwendo kwenye barabara iliyonyooka, lakini ukiipunguzia uzito utaipa mwendo kila mahali. Hoja hii imekuja Pemba ikakuta nyumba imeshatandikwa. Kisiwa hiki ni vilima na mabonde, na kipande kirefu kilichonyooka ni njia ya ndege kule uwanjani. Mtaje Chapman mara moja tu, baada ya Isha, kisha nyamaza. Ukimtaja mara mbili watauliza yuko wapi siku hizi, na alifariki 1982.

Kama kuna kijana msomi, mwongezee Mazda. Mwaka 1989 Wajapani hao waliitoa MX-5, gari ya viti viwili iliyo chini kidogo ya tani moja, injini ya 1.6, na mpaka 2016 walikuwa wametengeneza zaidi ya milioni moja. Watu milioni hawawezi kuwa wote wameachishwa kazi.

Sasa tahadhari. Kijana huyo huyo atatoa simu na kupiga hesabu, na hesabu haiko upande wako. Soarer ina kilo 1,700 na ushei na nguvu za farasi 280, kwa hivyo kila farasi anavuta kilo 6 na kidogo. MR-S ina tani moja na farasi 140, kila mmoja anavuta kilo 7. Gari unayoiacha ndiyo yenye mbio. Wengi huanguka hapa, wakaanza kuapa. Usiape. Mhamishe kijana kutoka kwenye kwenda umpeleke kwenye kusimama. Mwulize: ule mteremko wa kushukia bandarini Mkoani, breki inazuia nini, farasi au kilo? Kwa mwendo ule ule, gari yenye uzito mara moja na nusu na zaidi inazitaka breki zimeze moto kwa kiasi hicho hicho, na kwenye kona tairi zinabeba mzigo huo ubavuni. Hii ni fizikia ya kweli, ndiyo ladha yote ya gari nyepesi, na ndiyo sehemu pekee ya mwongozo huu ambapo huhitaji kudanganya. Ifaidi.

Tuje kwenye kununua. Habari njema ni kwamba injini ya MR-S, 1ZZ, ni ndugu wa damu wa iliyomo kwenye Allion, Premio na Wish za 1.8, kwa hivyo fundi wako ameshaifungua mara nyingi na spea zake ziko Darajani, Unguja. Habari nyengine ni kwamba za miaka ya mwanzo zina tabia ya kunywa oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Washa asubuhi injini ikiwa baridi, simama nyuma, tazama moshi. Ukiwa wa buluu, toa salamu uondoke. Chomoa stiki ya oili mwenyewe, usichomolewe. Muuzaji akikwambia ina gia za kubonyeza bila klachi, mwambie mashaallah kisha utafute ya gia za mkono, maana ule mtambo wa kubonyeza ukigoma fundi wa kuuelewa hutampata Chake Chake. Lala chini uangalie kutu. Gari iliyoegeshwa miaka upepo wa bahari unapovuma huliwa kuanzia tumboni. Tena kwa kuwa injini iko nyuma na rejeta iko mbele, maji husafiri kwenye mabomba marefu chini ya gari, na fundi asipotoa hewa vizuri baada ya kubadilisha maji, injini huchemka hivi hivi huku rejeta imejaa. Mwulize muuzaji nani alibadilisha maji mara ya mwisho. Akijibu "mwenyewe", punguza bei.

Usiagize moja kwa moja kutoka Japani kwa ajili ya fahari. MR-S ziliacha kutengenezwa 2007, kwa hivyo hata ile changa kuliko zote itakutana na ushuru wa uchakavu. Tafuta iliyokwishaingia, yenye namba ya Z. Na Soarer usiibadilishe gari kwa gari hapa kisiwani ukaongezewa pesa juu, kwani pesa hiyo ya juu itajulikana Mtambile kabla hujaihesabu. Ivushe Unguja. Kuna watu wanaokodisha magari ya harusi, na gari ya kufunguka paa yenye ngozi nyeupe ndiyo wanayoiota. Ipige picha ufukweni jioni, kisiwa cha Misali kikionekana nyuma, paa likiwa limefunguka. Kama paa halifungi tena, piga picha hiyo hiyo. Dalali mwachie asifie. Wewe kazi yako ni kuhakikisha kadi imebadilishwa jina ZRA, kwa watu wa kodi, siku ile ile, la sivyo harusi zote za Mjini Magharibi zitakuwa zinafungwa kwa jina lako.

Sasa nifike kwenye buti, ambako ndiko kwenye manufaa yote na ambako wauzaji, kwa ujinga wao, huomba radhi. MR-S haina buti. Mbele kuna nafasi iliyokaliwa na tairi la akiba, nyuma ya viti kuna visanduku viwili vya kutosha kanzu na kofia, basi. Mtu wa Ulaya akisikia hivyo hununa. Mtu wa Wambaa na asujudu.

Fikiria msimu wa karafuu. Kila chenye magurudumu huwa ni mali ya umma. Huwezi kutoka nyumbani ukiwa na buti tupu. Utasimamishwa na shangazi mwenye gunia, na jirani anayekwenda na pishi zake kituo cha kununulia karafuu cha ZSTC, shirika la serikali, na shemeji ambaye jamvi lake limenyeshewa anataka kuhamisha. Soarer, paa likiwa limefungwa, ina buti la haja, na watu wanalijua hilo kukushinda wewe. Nimeona gari za thamani zikinuka karafuu mpaka mwaka mwengine. Ukiwa na MR-S unafungua mbele, unaonyesha tairi. Unafungua nyuma, unaonyesha injini. "Bi mkubwa, ningekubebea, lakini tazama." Hakuna aliyekasirika, hakuna aliyenyimwa. Uungwana wako umelindwa na kiwanda cha Toyota.

Na majamvi yenyewe. Karafuu zikianikwa kandokando ya lami, gari iliyokaa chini yenye bampa pana hupita pale ikachota daraja la kwanza na kuliacha daraja la tatu. MR-S nayo iko chini, sikatai, lakini ni nyembamba, na dereva wake hukaa karibu na ardhi kiasi cha kumwomba radhi mwenye jamvi bila kushuka.

Kiti ni kimoja, ukiacha cha dereva, na hapo ndipo nyumba hujaribiwa. Mkeo akikaa, mama atasimama mlangoni kimya, na kimya kile kina uzito kupita V8. Mama akikaa, utapika mwenyewe. Sijui suluhisho la kisheria. Wenye busara hununua kirikuu kwa ile pesa iliyobaki, wakasema ni ya biashara, na familia nzima ikapanda huko kwa furaha huku wao wakitangulia peke yao kuonyesha njia ambayo wote wanaijua.

Siku ya kuingia nayo kijijini, chagua Alasiri, paa wazi, mwendo wa pole. Si masika, turubai lililozeeka huvuja, na mtu aliyeloa hana hoja. Pita mbele ya baraza, simama, zima injini. Watasema kitu. Mmoja atauliza ile kubwa iko wapi. Jibu: "Nilimwambia ami, nzito." Usiongeze. Akitokea mbishi wa kusema tajiri hapandi gari ndogo, mwelekeze kwa kidole upande wa Fundu Lagoon, hoteli ya ghali kuliko yoyote katika ujirani wetu, ambayo wageni wake wakifika Mkoani huachishwa gari wakapandishwa boti. Hao ndio matajiri, na hawana hata milango miwili.

Hukumu yangu, baada ya kuzitazama zote mbili: Soarer ni gari bora ya kuegesha, na MR-S ni gari bora ya kwenda Chake Chake na kurudi bila gunia la mtu. Kwa hiyo msomaji mwenye MR-S ya gia za mkono, isiyotoa moshi wa buluu, namba ya Z, kadi safi, asimwambie dalali. Aniambie mimi kwanza, na asitaje bei mbele ya watu.